Mkono Juu ya Sufuria

5 Februari

Wifi yangu,

Pokea salamu za kila aliyemo katika nyumba hii, kuanzia kaka yako ambaye amekonda kidogo, mpaka paka ambaye amenenepa, na huko chini utajua kwa nini. Watoto wanasoma. Yule mkubwa sauti imeanza kuvunjika, akipokea simu watu wanamwita kwa jina la baba yake. Saluni inakwenda, ila kikaushio kimoja cha nywele kimekufa. Kaka yako anasema atakitengeneza kesho, na kesho yake unaijua. Yeye ni fundi umeme wa mtaa mzima, lakini nyumbani kwake taa ya choo inawashwa kwa kijiti.

Nakuandikia kwa sababu simu haifai. Ukinipigia mimi, mama yako yupo saluni kwenye kiti cha wateja, masikio wazi. Ukimpigia yeye, anaweka spika mpaka fundi viatu wa ng'ambo ya barabara anakuitikia salamu. Na ninyi huko kiwandani simu zenu mnaziacha getini. Basi barua hii anakuja nayo yule dereva wa lori la nyuzi, Bwana Honi. Mpe chai, na umpe na majibu.

Haya, tuingie kwenye lenyewe. Mama alianguka. Usishtuke, ameshainuka. Alikuwa anatoka bafuni akaona giza, akashika pazia, wakashuka wote wawili. Tulimpeleka hospitali, presha ikawa juu hata daktari akauliza kama mashine ni nzima. Dawa amepewa. Kisha daktari akatugeukia, akauliza, "Nani anapika nyumbani?" Nikanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la kwanza. Akasema chumvi ipungue, na si ile ya sufuriani peke yake. Tatizo ni sodiamu, na sodiamu inajificha: kwenye mkate, kwenye vile vipande vya kuungia mchuzi, kwenye samaki wa kopo, kwenye krispi, hata kwenye magadi ya kulainishia maharage. Ukijumlisha vyote, mtu mzima asizidishe kijiko kimoja cha chai kwa siku. Mama yako kijiko hicho alikuwa anakimaliza kabla chai ya asubuhi haijapoa.

Wifi, nilitoka pale hospitali natembea kama bibi harusi. Nitakwambia ukweli maana mimi na wewe hatujawahi kubembelezana. Nilifurahi. Si kwa kuanguka kwake, Mungu aniepushe. Nilifurahi kwamba sasa sufuria ni yangu, kwa amri ya daktari, na hakuna mtu wa kupitisha mkono juu yake. Nimekusanya chumvi yote, ya mezani, ya akiba, hata ile aliyoificha kwenye kopo la poda, nikaifungia saluni kwenye kabati la dawa za nywele. Ufunguo nimeuvaa shingoni.

Jana nilimpikia supu ya nyama kwa maji matupu. Akaonja, akaniangalia. Nikamwambia, "Kunywa mama, ni dawa." Paka ndiye anayemalizia sahani zake siku hizi. Kaka yako hana wa kummalizia.

Wifi yako,
msusi


27 Februari

Wifi mwenye ufunguo shingoni,

Hujambo wewe na waliokuzunguka? Mimi sijambo, kama goti halihesabiwi. Bwana Honi alinikuta natoka zamu, nikampa chai na mkate, akasema mkate una chumvi. Kumbe umeshamhubiria na yeye.

Huku ni kola tu. Wenzangu wanashona mikono, wengine mifuko, mimi kola asubuhi mpaka jioni, shati lenyewe silioni. Tuko wanne chumbani na pasi moja. Kuna mmoja anakoroma, msimamizi anasema tumvumilie kwa kuwa ndiye anayejua kutengeneza cherehani zikigoma. Wape watoto busu langu. Mwambie huyo mwenye sauti mpya aniandikie.

Mama kanipigia. Ananong'ona, na spika kaiweka, nikawa nasikia wateja wako wakicheka nyuma. Anasema unamlisha kama mfungwa. Anasema chakula chako kina ladha ya ukuta. Nikamuuliza ameujuaje ukuta, akakata simu.

Nimecheka wifi, lakini baadaye sikucheka. Najua wewe na mama hamkuanza vizuri. Nani alianza vizuri na mama? Hata mimi aliyenizaa nilikuwa napikia tumbo likiniuma. Lakini sasa ni mgonjwa, na mgonjwa hakomolewi. Daktari alisema punguza, hakusema nyima.

Nimempa Bwana Honi kifurushi. Sweta la mama, la rangi ya zambarau anayoipenda. Penseli za watoto. Na vile vidonge vyake vya kiungulia, vya kutumbukiza kwenye maji vikachemka, maana analalamika kifua kinamuwaka tangu uanze kumwekea ndimu katika kila kitu. Hivyo si chakula, usije ukavifungia navyo kwenye kabati.

Mtunze mama yangu.

Wifi yako wa kola


24 Machi

Wifi wa kola,

Salamu zimefika, na busu za watoto nimezigawa, yule mkubwa akakimbia. Sweta mama amelivaa tangu siku lilipofika na hataki lifuliwe. Kaka yako yupo, na kama kawaida hana upande: akiwa kwangu ni wangu, akiwa kwa mama ni wa mama, na akiwa juu ya nguzo ya umeme ndipo anapata amani.

Kuhusu ladha ya ukuta, alisema kweli. Wiki zile za mwanzo nilipika vibaya kwa makusudi. Nilikuwa naketi mbele yake namtazama akitafuta ladha kwa ulimi kama mtu aliyepoteza sindano. Lakini watoto waligoma, na kaka yako akaanza kuchelewa kurudi akiwa ameshiba. Halafu nikafikiri, huyu mama akikataa kula atakufa, na akifa nimepata nini? Basi nikajifunza upya. Kitunguu nakikaanga taratibu mpaka kinakuwa kahawia na kutoa utamu wake. Kitunguu saumu kingi. Nyanya naipika mpaka inagandamana. Tangawizi, pilipili manga, ndimu mwishoni nikishaipua. Chumvi napunguza chembe kwa chembe, wala hawajui. Juzi kaka yako alilamba kijiko.

Mama yeye halambi kitu mbele yangu. Anahamia saluni. Mteja akiwa chini ya kikaushio na pakiti ya karanga za chumvi, hamsikii mtu, basi mama anamkaribia na kumpapasa mkono: "Mwanangu, umekonda, hizo unakula peke yako?" Nimebandika tangazo ukutani: USIMLISHE BIBI. Wateja wanadhani ni utani. Presha hata hivyo ilikuwa imeanza kushuka, muuguzi mstaafu wa nyuma ya barabara ndiye anayempima.

Sasa nije kwenye barua yako. Umeandika kwamba mimi na mama "hatukuanza vizuri." Umeandika hivyo kwa mkono wako, wifi, na mkono haukutetemeka?

Acha nikukumbushe. Nilikuwa bado mgeni katika nyumba hii. Mama yangu alikuja kuniona kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Alisafiri na viatu vyake vizuri ndani ya mfuko ili visichakae njiani, akavivaa pale kwenye kona. Niliamka kabla ya jua nikapika kuku wa mchuzi na wali. Nilionja, wifi. Chumvi ilikuwa imekaa pale pale inapotakiwa. Nikatoka kumnawisha mama yangu mikono. Niliporudi, mama yako alikuwa anatoka jikoni anajifuta kiganja kwenye gauni. Nikapakua, sikuonja tena. Nani anaonja mara mbili?

Tonge la kwanza, kaka yako mkubwa alitoka nje mbio. Wengine wakasukuma sahani mbele. Mama yako akamtazama mama yangu usoni, akasema, "Asiyefunzwa na mamaye..." akaiachia hapo hapo, tuimalizie wenyewe.

Mama yangu alikula sahani nzima. Akakwangua. Akasema, "Asante mwanangu, nimeshiba." Alivua viatu vyake kwenye kona ile ile, akaenda zake, na mwaka haukwisha nikamzika. Chakula cha mwisho alichokula kutoka mkononi mwangu ni kile. Mpaka leo kuna wateja wanaoniita Bi Chumvi, wala hawajui jina lilianzia wapi. Mimi naitika, nasuka, natabasamu, na moyo unachemka.

Sitaki mama yako afe. Mtu akifa amekukimbia. Nataka akiri kwa kinywa chake. Na asipokiri, basi aishi, tena aishi sana, awe na afya, akae mezani kwangu kila siku ya Mungu, apokee kila tonge kutoka mkono huu huu.

Na wewe ulikuwa mlangoni pa jikoni, umeshika jagi. Uliona.

Msusi


2 Mei

Wifi,

Hamjambo? Nimechelewa kujibu. Nilijichoma sindano ya cherehani, ikaingia kwenye ukucha, wakanihamishia kwenye kukunja mashati kwa muda. Sasa angalau nimeliona shati zima. Mvua huku hazikatiki, nguo zinakauka na harufu. Yule anayekoroma ameolewa, tumemkosa, chumba kimekuwa kimya mpaka usingizi haushiki.

Yale ya jagi sikuyaelewa vizuri. Ni zamani.

Nilitaka kukuuliza juu ya presha ya mama. Uliandika inashuka. Kaka Mkubwa ananiambia imepanda tena, na miguu imevimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Kama kweli umeifungia chumvi yote, mbona inapanda? Watu wanauliza, si mimi. Kaka Mkubwa alisema, "Labda anampa kitu kingine kwa siri ili..." hakumaliza. Sikumsaidia kumaliza.

Ameitisha kikao cha familia. Wanataka mama ahamie kwa kaka yetu mdogo, apikiwe na mke wake. Mimi siwezi kuja, kukunja mashati hakuna likizo. Ila nilichosema ni kwamba mama akae mahali ambapo anapendwa. Usinikasirikie.

Nimemtumia tena vile vidonge vya kiungulia, safari hii boksi zima. Anasema ndivyo pekee vyenye ladha katika nyumba yenu. Masikini mama yangu.

Wifi yako


19 Mei

Wifi,

Sisi wazima. Na wewe natumaini kidole kimepona, maana utakihitaji kunijibu.

Uliposema watu wanauliza, nilisuka kwa hasira mpaka mteja akaniambia namvuta nywele. Nilipekua nyumba nzima. Godoro nililiinua. Mito niliibinya. Nilifungua mpaka kopo la mishumaa. Sikupata hata punje, na miguu ya mama ilikuwa inazidi kujaa kama unga uliotiwa hamira. Niliogopa, wifi. Si kwa sababu ya maneno yenu. Niliogopa kwamba ananiponyoka. Atakufa mikononi mwangu, hajasema, na mtaa mzima utasema Bi Chumvi ndiye aliyemmaliza.

Kikao kikawa Jumapili, sebuleni kwangu, kwenye viti vya saluni maana vya sebuleni havikutosha. Kaka yako mkubwa alivaa tai. Mke wa kaka yako mdogo alikuja ameshaamua kitanda cha mama kitakaa dirisha gani. Muuguzi naye aliitwa aeleze vipimo. Niliwapikia wote kwa sufuria ile ile ya mama, wakala, wakaongeza, halafu wakajifuta midomo na kuanza kunihukumu.

Shemeji Mkubwa akasema, "Hatumlaumu mtu. Lakini sufuria iko mikononi mwa nani?"

Nikajibu, "Mwangu."

"Basi presha inapandishwa na nani?"

 Nilianza kukusanya sahani zao. Kaka yako, mume wangu, alikuwa anachunguza soketi ya ukutani kana kwamba ameiona siku ile.

Mama akasema kifua kinamuwaka. Akajiinua, akajimiminia maji kwenye glasi, akaingiza mkono ndani ya lile sweta la zambarau, akatoa vidonge viwili. Akavitumbukiza. Vikachemka, povu juu, akanywa macho amefumba, akalamba na mdomo wa glasi.

Muuguzi akasema, "Bibi, hebu nione hicho."

Akavaa miwani, akasoma yale maandishi madogo, akavua miwani, akavaa tena. "Unakunywa vingapi?"

"Kila baada ya kula," mama akajibu. "Na kabla ya kulala. Na nikiwa na huzuni."

"Na huzuni unayo mara ngapi?"

"Katika nyumba hii?"

Muuguzi akatugeukia, akasema kinachochemka mle ni sodiamu. Kwa anavyovinywa, ni sawa na kumrudishia chumvi yake yote niliyomnyima, na ya ziada. Mpishi anafunga mlango wa mbele, glasi inafungua wa nyuma. Kikulacho ki nguoni mwako, wifi, na mama yako alikifanya cha nguoni kweli kweli.

 Shemeji Mkubwa akauliza, "Nani anakuletea?"

Mama akasema, "Nimejinunulia."

Kwa miguu ile? Getini hafiki. Kila mtu alijua anadanganya, na macho yote yakanigeukia mimi. Nami nilijua. Nilikipokea kile kifurushi kwa Bwana Honi kwa mikono yangu, nikampelekea mama mwenyewe kwa heshima, maana uliniandikia hivyo si chakula. Jina lako lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nilikuwa na ninyi wote pale, wifi, ndugu zako wamekaa mstari mmoja, na neno moja lingetosha kukufanya wewe ndiye binti aliyekuwa anamuua mama yake huku akimtukana mpishi.

Sikulisema. Usinishukuru, sikukunyamazia kwa wema. Nimekuweka akiba.

Shemeji Mkubwa alilegeza tai, akasema basi sufuria ibaki ilipo. Pole hakunipa. Mke wa mdogo wake akachukua mkoba wake. Daktari amembadilishia mama dawa ya kiungulia, na boksi lako nimelimwaga chooni, likachemka huko.

Sasa nataka kitu kimoja kutoka kwako. Niandikie neno hili: niliona. Si barua, neno. Ukiliandika, kaka zako hawatajua kamwe vidonge vilitoka wapi. Usipoliandika, kikao kijacho nitakiitisha mimi, na tai nitavaa mimi.

Msusi


8 Juni

Wifi,

Salamu utanisamehe, leo sina.

Barua yako niliisomea kwenye choo cha kiwanda, ndiko pekee kusikosikika cherehani. Nililia mpaka msimamizi akagonga mlango. Kila nilipopita dukani nilikuwa namkumbuka mama, namnunulia vile vidonge, narudi chumbani najiona mtoto mwema. Wewe ulikuwa unapunguza kwa chembe, mimi naongeza kwa boksi.

Lakini usinitishe. Kikao chako hukihitaji tena. Nilimpigia Kaka Mkubwa siku ile ile, nikamwambia ni mimi. Nikawapigia na wengine. Alinikaripia kama nina miaka saba, nikamwacha anikaripie. Kwa hiyo huna tena cha kuniwekea akiba.

Neno unalolitaka sitaliandika. Yule ni mama yangu. Siwezi kumwandika kwenye karatasi ukaiweka kabatini na dawa zako za nywele. Hata kama wewe una haki. Na sikusema huna.

Nimempigia mama pia. Nilimwambia kwanza azime spika, na akaizima, jambo ambalo hajalifanya tangu anunue ile simu. Tuliyozungumza ni yangu na yake.  Mwisho akaniuliza kama bado nashona kola.

Miguu yake ikoje? Niambie ukweli, hata kama umekasirika.

Wifi yako


3 Julai

Wifi yangu,

Miguu imerudi. Amevaa viatu vyake vya kamba mwenyewe, akaenda mpaka kwa fundi viatu kumwonyesha. Kidole hakiachi tena shimo. Watoto wazima, na huyo wako mkubwa amekuandikia, barua yake iko ndani ya hii, usimcheke mwandiko. Kaka yako ananenepa.

Nilikasirika nawe kwa wiki nzima. Ulininyang'anya kisu nikiwa nimeshakinoa. Nilikaa na barua yako nikitafuta mahali pa kukushika nikuchome, nikakosa. Binti wa mama yako, hakuna ubishi.

Ila kuna jambo limetokea na inabidi ulijue, maana sidhani kama lilijileta lenyewe.

Juzi asubuhi nilikuwa jikoni, wateja hawajaanza. Mama akaingia. Hakuwa ameingia jikoni tangu sufuria iwe yangu. Akavuta kigoda, akakaa mlangoni, akatazama.

"Unaweka nini humo?"

"Nyanya, mama. Na kitunguu saumu."

"Ndimu?"

"Mwishoni."

 Akazungusha pete kidoleni. Halafu akasema, haniangalii, anaangalia sufuria:

"Mama yako siku ile alimaliza sahani."

Wifi, mkono wangu ulisimama hewani na mwiko. Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka ataacha.

"Nilikuwa nangoja ateme," akasema. "Kila tonge nikisema, hili atalitema. Maana mkono niliujaza, sikupima. Mwanangu mkubwa alishatoka nje. Yeye anakula tu. Nikamtolea na ile methali nikijua itamkata. Akanitazama, akachota tonge jingine. Hata maji hakuomba."

Nikamuuliza, "Kwa nini, mama?"

"Kilikuwa kitamu. Nilionja nikiwa peke yangu, kikawa kitamu kuliko changu. Mwanangu alikuwa ameanza kusifu. Nikaona nimeshatolewa katika nyumba yangu." Akavuta pumzi. "Nilitaka kumwaibisha mtu, na aliyeondoka na heshima yake mezani kwangu akawa yeye. Nimelijua hilo siku zote. Sikutaka ulijue wewe."

Nililia. Nikasingizia kitunguu, na kitunguu kilikuwa bado kwenye maganda. Nililia kwa ajili ya mama yangu, maana miaka yote hii nilidhani aliondoka pale ameshindwa, kumbe adui yake mwenyewe ndiye aliyekuwa anamtunzia ushindi. Ningetoa nini leo ili nimwambie!

Utauliza kama nimemsamehe mama yako. Sijamsamehe. Nimeridhika, na hivyo ni vitu viwili. Jina la Bi Chumvi nitaendelea kuliitikia, ila sasa litanichekesha.

Mama akanipa nafasi nijifute. Kisha akakohoa, akajiweka sawa kwenye kigoda, akanyoosha sahani yake kama mtu aliyemaliza sehemu yake ya mapatano.

"Haya," akasema, "nimesema. Sasa tia chumvi."

Nilimtazama, wifi. Mwanamke yule! Alikuwa amebeba neno lile miaka yote, akalitoa asubuhi moja ili alibadilishe na punje. Nikaichukua sahani. Nikampakulia vizuri, nyama ya juu, mchuzi mzito, ndimu nikamkamulia pale pale. Nikamwekea mbele yake kwa mikono miwili, nimepiga goti, kama inavyompasa mama mkwe.

Chumvi sikumpa.

Alininunia siku nzima. Jioni muuguzi akapita kumpima, akasema presha ni ya msichana.

Wifi yako,
msusi